Nani Amhukumu Mwalimu?



Mwalimu wa shule ya umma akikosana na mkuu wake hapa Nairobi, hatima yake huamuliwa katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Chama chake, KNUT, kiko Barabara ya Mfangano, katikati ya kelele za makanga. Wizara ya Elimu iko Jumba la Jogoo, Harambee Avenue. Mwajiri wake, Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, iko Barabara ya Kilimanjaro kule Upper Hill. Mambo yakishindikana huko kote, mahakama ya ajira na leba iko Milimani. Majengo haya yamekaribiana, lakini wapo walimu waliotumia miaka kuyazungukia, faili kwapani, wakiambiwa kila wanapofika kwamba karatasi yao iko meza nyingine.

Nimekuja kutetea jambo moja. Mwalimu lazima awajibike, na awajibike kwelikweli, kwa sababu mtoto hana chama cha kumtetea. Lakini mtu anayempima mwalimu kila muhula hafai kuwa ndiye anayemshtaki, ndiye anayekusanya ushahidi dhidi yake, na ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao kinachomjadili. Maadamu kazi hizo zote zimo mikononi mwa mtu mmoja, mwalimu mbaya atapona kwa kujuana na watu, na mwalimu mwenye msimamo ataumia kwa kutojuana nao.

Mzozo huu una umri mkubwa kuliko Jamhuri yetu, na mojawapo ya visa vyake vizito kilitokea hapa magharibi mwa jiji. Mwaka wa 1929, katika misheni ya Kanisa la Scotland pale Thogoto, ng'ambo kidogo ya Dagoretti, walimu Waafrika walitakiwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameikana tohara ya wasichana na kwamba hawafungamani na chama cha siasa cha KCA. Wagikuyu waliuita mkasa huo kirore. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Hakuna kikao kilichokaa kuuliza kama anafundisha vizuri au vibaya, wala hakuwa na pa kukata rufaa, kwa kuwa misheni ilikuwa mwajiri, mkaguzi, mchungaji na mwenye nyumba aliyolala.

Kisa hiki kina pande mbili na zote zina uzito. Kuhusu wasichana, misheni ilikuwa na haki. Kenya yenyewe ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, na mimi sina neno la kuutetea. Lakini wakuu wale walichukua jambo la haki wakalifungia ndani ya barua ya kazi. Wakamwambia mtu: weka kidole hapa au watoto wako walale njaa. Shule za misheni zikabaki nusu tupu, wazazi wakajenga zao wenyewe, na ndipo zikazaliwa shule huru za Wagikuyu, za vyama vya KISA na Karing'a. Januari 1939 zikapata chuo chao cha ualimu pale Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, chuo ambacho serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952 ilipotangaza hali ya hatari. Na wale wasichana? Tohara yao ikageuzwa ishara ya kumpinga mkoloni, na kizazi kizima kikaitetea kwa ukaidi ambao pengine kisingekuwa nao. Kila ninapomsikia kiongozi wa shule akisema kwamba utaratibu unachelewesha, na kwamba mwalimu fulani ni mbaya hivyo aondoke leo, nakumbuka Thogoto. Sababu njema iliyopitishwa njia mbaya iliwaumiza walewale iliyokusudiwa kuwalinda.

Jirani na hapo, Kabete, kulikuwa na mfano mwingine. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School, mahali ambapo leo pana Kenya School of Government. Pale waliandaliwa walimu wa kuzunguka: mtu alitembelea shule za vijijini, akaketi na mwalimu wa huko, akamwonyesha namna ya kupanga somo, kisha akaenda kijiji kingine na kurudi baadaye. Palikuwa na kasoro za kikoloni katika mpango ule, hasa lile wazo kwamba elimu ya Mwafrika ikomee shambani na katika usafi wa kijiji. Hata hivyo ulitambua jambo ambalo sisi tumelisahau, kwamba anayekuja kukuonyesha ulipokosea ni vyema awe mtu unayeweza kumkiria udhaifu wako bila kuogopa kufutwa.

KNUT ilipoundwa Desemba 1957, dai lake kubwa lilikuwa mwajiri mmoja. Walimu walichoka kuajiriwa na misheni huku, baraza la wilaya kule, mishahara tofauti kwa kazi moja, na meneja wa shule mwenye uwezo wa kumwondoa mwalimu kwa sababu hakuonekana kanisani. Baada ya miaka ya migomo na mivutano, TSC ilianza kazi tarehe 1 Julai 1967. Nataka vijana walielewe hili. Tume ambayo leo mwalimu anaiogopa ilidaiwa na walimu wenyewe ili iwe ngao kati yao na bosi wa karibu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 237, ikaipa hadhi ya tume ya kikatiba. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 ikaipa mamlaka ya kusajili, kuajiri, kupandisha cheo, kuadhibu na kufuta jina katika sajili. Mamlaka hayo ni mengi kwa nyumba moja.

Kuhusu wahadhiri wa vyuo vikuu nitasema kwa ufupi, ingawa kisa chao kilitokea hatua chache kutoka tulipo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliongoza idara ya fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi alipokamatwa siku za mwisho za Desemba 1977. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Alipotoka, chuo kilikataa kumrudishia kazi. Hakuna aliyedai kwamba alifundisha vibaya. Mwaka 1980 serikali ikakipiga marufuku chama cha wahadhiri, na kikakaa bila usajili hadi 2003. Usalama wa kazi unapoondoka, hauondoki peke yake. Mwalimu aliyebaki darasani huanza kupima kila sentensi, na wanafunzi hulipa gharama hiyo bila kujua kwamba wanalipa.

Sasa tuje kwenye shule zetu za leo: Kangemi, Kawangware, Uthiru, Waithaka, Westlands. Utaratibu wa nidhamu, kwa maandishi, ni mzuri. Malalamiko yakija, mwalimu hupewa barua ya kujieleza. Bodi ya shule au maafisa wa TSC wa kaunti huchunguza. Ikionekana kuna kosa la kujibu, anapewa barua ya kusimamishwa kazi wakati kesi ikiendelea, na ana siku 21 za kutoa utetezi wake kwa maandishi. Kisha anaitwa kusikilizwa, kesi yake inaamuliwa, na akiona ameonewa anaweza kuomba maamuzi yapitiwe upya ndani ya siku 90. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamruhusu kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukiyasoma haya ofisini, utaona haki imejaa tele.

Tatizo liko mwanzoni kabisa, shuleni, kabla ya karatasi kufika Upper Hill. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi. Yeye ndiye anayeandaa ajenda, yeye ndiye anayeandika yaliyosemwa. Ndiye pia anayethibitisha alama za mwalimu katika tathmini ya kila muhula, ile TPAD iliyosambazwa nchi nzima tangu 2016. Ndiye anayependekeza nani akaimu cheo. Fikiria basi mwalimu wa hisabati aliyeuliza, mbele ya wenzake, pesa za masomo ya ziada zimekwenda wapi. Wiki tatu baadaye anapata barua ya kujieleza kuhusu kuchelewa kipindi. Huenda kweli alichelewa, na huenda wote huchelewa. Atakayeeleza bodi ni yule aliyeulizwa kuhusu pesa.

Tena, barua ya kusimamishwa kazi hutumika kwa makosa ya kila namna. Mwalimu anayedaiwa kumnajisi mtoto hupewa barua hiyo. Mwalimu anayekunywa na kupotea siku kumi hupewa barua hiyo. Na mwalimu aliyemjibu mkuu vibaya katika kikao, kosa linaloitwa ukaidi, naye anaweza kupewa hiyohiyo. Mambo haya matatu hayafanani hata kidogo. La kwanza ni hatari kwa mtoto, na mwalimu huyo hafai kuwa karibu na darasa hata saa moja zaidi. La pili ni la kazi na mara nyingi la afya, na linahitaji subira, onyo na matibabu kabla ya kufukuza. La tatu ni ugomvi wa watu wazima wawili, na ugomvi huamuliwa na mtu wa tatu. Ukiyapitisha yote katika mlango mmoja, mlango unajaa. Anayetuhumiwa kumdhuru mtoto anangoja foleni moja na aliyebishana kuhusu zamu ya mlo wa mchana, na mtoto aliyedhurika anangoja pamoja nao, miezi ikipita, hadi shahidi amehamia Kakamega na mama amechoka nauli.

Naomba mniruhusu tufanye hesabu kidogo, maana katika jambo hili hesabu inasema wazi. Kwa makosa mengi, mwalimu aliyesimamishwa hulipwa nusu mshahara. Yako makosa mazito ambayo halipwi chochote. Sheria ya Ajira inaruhusu makato hadi thuluthi mbili ya mshahara, na walimu wetu wengi wamefika hapo kwa mikopo ya sacco, ada za watoto na ujenzi. Tuseme mshahara ni shilingi 45,000. Makato yakiwa 30,000, anabaki na 15,000 za kula. Akisimamishwa, nusu mshahara ni 22,500, nazo haziwezi hata kulipa mikopo. Hajahukumiwa bado. Kwa sheria bado ni mtu asiye na hatia. Lakini mwenye nyumba pale Kinoo hangoji uamuzi wa Tume, na wadhamini wake wa sacco, ambao ni walimu wenzake wa shule ileile, wanaanza kumkwepa. Miezi sita ya hali hiyo ni adhabu kamili hata akishinda baadaye. Kila mkuu wa shule anajua hivyo. Kwa hiyo yule asiye mwadilifu hahitaji kushinda kesi. Kuianzisha kunamtosha.

Sasa nitawatetea wakuu wa shule, kwa sababu ninaowaheshimu ni wengi na wanabebeshwa mzigo usio wao. Mkuu wa sekondari anaambiwa aendeshe shule kwa mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao unafika vipandevipande na kwa kuchelewa. Amewekeana mkataba wa utendaji kazi na Tume. Wazazi wakiona alama zimeshuka, wanafunga lango na kudai aondoke yeye, si mwalimu wa kemia ambaye hajaonekana tangu katikati ya muhula. Akimwandikia barua mwalimu huyo, anapigiwa simu na mheshimiwa. Akiandika ya pili, mwalimu anahamishwa, na kwenda kufanya yaleyale katika shule nyingine. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika shule zetu shida kubwa si mwalimu kutofika shuleni. Anafika, lakini darasani hayumo. Kosa la namna hiyo mkuu wa shule hawezi kulithibitisha kwa kusimama langoni asubuhi.

Na huku kuhamisha mwalimu mwenye hatia kulifikishwa mahakamani. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu hapa Nairobi alitoa hukumu katika shauri lililoletwa kwa niaba ya wasichana wawili wa shule ya msingi huko Nakuru waliodhulumiwa kingono na mwalimu. Aliona kwamba TSC na serikali nao wanawajibika, na kwamba haitoshi kumwondoa mwalimu shule moja na kumpeleka nyingine. Wasichana walipewa fidia ya mamilioni ya shilingi. Kabla ya hapo sheria haikukosekana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema mwalimu anayetumia nafasi yake kumpotosha mwanafunzi atafungwa kwa muda usiopungua miaka 10. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka anayejua jambo hilo aripoti ndani ya saa 24. Lililokosekana ni mtu wa kuripotiwa ambaye hana hofu na jina la shule. Mkuu anayepimwa kwa sifa za shule yake anapewa habari itakayoiharibu sifa hiyo, kisha tunamngoja aitangaze! Wengine huitangaza, na Mungu awabariki. Wengine huita wazazi ofisini, wakafunga mlango, wakazungumza bei. Ndiyo maana nasema kwamba kumwondolea mkuu kazi ya mpelelezi hakumlindi mwalimu tu. Kunamlinda mtoto kwanza.

Kuhusu TPAD, walimu hulalamika juu ya makaratasi, na wana haki. Mwanzoni walipimwa kwa viwango 7, vikapunguzwa kuwa 5 tathmini ilipoandikwa upya. Makaratasi yanachosha ila hayaui. Kinachoniumiza zaidi ni ile rajisi ya vipindi ambayo kiranja wa darasa huijaza, mwalimu akiingia na asipoingia, kisha hupelekwa kwa naibu. Tumempa mtoto wa miaka 14 kalamu ya kumshtaki mwalimu wake, na kesho yake mwalimu huyo atamsahihishia insha. Mtoto muoga ataandika kwamba kipindi kilifundishwa. Mtoto aliyetumwa ataandika alivyotumwa. Takwimu zinazotoka hapo zinapanda hadi makao makuu zikiwa safi kabisa, na hazisemi ukweli.

KNUT ilikwenda mahakamani kupinga tathmini hii pamoja na uhamisho na mpango mpya wa kupandisha vyeo, na hukumu ilitolewa Julai 2019. Kilichofuata kinahusu mada yetu moja kwa moja. Tume ilisema kwamba wanachama wa KNUT, kwa kuwa chama chao kimeukataa mpango huo, hawatapata nyongeza zilizoambatana nao katika mkataba wa 2017 hadi 2021. Walimu walitazama payslip, wakatazama kadi ya chama, wakachagua payslip. Chama kilichokuwa na wanachama wengi kuliko chochote nchini kikapukutika katika miaka miwili, na Juni 2021 katibu mkuu wake, Wilson Sossion, akajiuzulu. Sossion alikuwa na makosa yake, mojawapo likiwa kukubali kiti cha ubunge cha kuteuliwa huku akiongoza chama cha wafanyakazi. Lakini makosa ya kiongozi si sababu ya kuwaacha laki na kitu ya walimu bila mtu wa kusimama nao katika chumba cha nidhamu. Mwajiri mwenye busara angetaka upande wa pili wa meza uwe na mtu.

Na kuna walimu ambao hata mizozo hii wanaitamani. Shule za Sekondari ya Msingi zilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, serikali iliwaleta maelfu ya vijana wenye digrii kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Walifundisha vipindi kamili, walisahihisha na walisimamia mitihani. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba mpango huo uliwavunjia haki ya ajira yenye usawa. Mwezi uliofuata waligoma, wakatishiwa kufutwa, na hatimaye 46,000 wakaahidiwa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Januari hiyohiyo wengine 20,000 wakaletwa kwa mpango uleule wa unagenzi. Kijana asiye na uhakika wa mwezi ujao hawezi kumwambia mwalimu mkuu kwamba darasa la watoto 90 halifundishiki. Atanyamaza, atafundisha, na tutaambiwa mtaala unaendelea vyema. Ugomvi wa leo kati ya walimu wa sekondari ya msingi na wakuu wa shule za msingi, nani aongoze nani, unatoka papo hapo. Watu wazima wawili wamewekwa jengo moja bila kuelezwa mipaka, mmoja akiwa na muhuri na mwingine hana.

Chini yao zaidi wako walimu wa shule binafsi za mabati za Kawangware, Kangemi na Ng'ando. Hawa mwajiri wao si TSC, ingawa sheria inawataka wasajiliwe nayo. Wengi wameajiriwa kwa neno la mdomo, hali Sheria ya Ajira inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe mkataba. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mwalimu wa TSC aliendelea kulipwa. Wa shule binafsi aliambiwa arudi zikifunguliwa, nazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Tarehe 23 Septemba 2019 jengo la shule ya Precious Talent pale Ng'ando liliporomoka asubuhi, watoto wasiopungua saba wakafa. Sisemi ni nani alijua nini siku hiyo. Nauliza swali kuhusu shule zote za namna hiyo: mwalimu anayeweza kufutwa jioni kwa kusema ukuta una ufa, atasema? Usalama wa kazi ya mwalimu ni sehemu ya usalama wa jengo. Wakaguzi wa kaunti hupita mara moja kwa mwaka wakipita, na mwalimu analala na ufa ule machoni kila siku.

Najua baadhi yenu mtaniuliza kuhusu Marekani, ambako ulinzi wa kazi ya mwalimu ulianza New Jersey mwaka 1909, na ambako kule California wanafunzi walikwenda mahakamani wakidai kwamba sheria inawakinga walimu wabovu. Walishinda mwaka 2014, na mahakama ya rufaa ikabatilisha ushindi huo 2016. Ni mjadala wa haki, lakini si wetu. Kule walibishana kama sheria imemlinda mwalimu kupita kiasi. Sheria yetu haina upungufu wala ziada kubwa. Upungufu wetu ni nani anayeitekeleza. Mwaka 2013 Jaji Linnet Ndolo, katika shauri la mwalimu dhidi ya TSC, aliweka wazi kwamba kufukuza kwa haki kunahitaji sababu ya kweli na utaratibu wa haki, vyote viwili kwa pamoja. Ukikosa kimoja umeshindwa. Kwa hiyo mwalimu mbovu aliyefukuzwa ovyo anaweza kupewa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, kutoka mfuko wa mlipa kodi, na akatoka mahakamani Milimani akitabasamu. Anayepuuza utaratibu kwa kisingizio cha kuwajali watoto anawalipisha watoto haohao.

Ninayoyadai yanawezekana bila kubadili Katiba. Malalamiko yoyote ya mtoto kudhuriwa yasipite kwa mkuu wa shule wala bodi. Yaende moja kwa moja kwa polisi na kwa afisa wa TSC ambaye hana shule anayoisimamia, mwalimu aondolewe darasani siku hiyohiyo, na kesi ipewe tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Mwalimu huyo alipwe mshahara kamili hadi ahukumiwe, na ndipo Tume itakapoharakisha, kwa maana kuchelewa kutaigharimu yenyewe. Mkuu wa shule anapokuwa mlalamikaji, asiwe katibu wa kikao hicho, na mtu mwingine aandike kumbukumbu. Tathmini ya kila muhula isitumike kama ushahidi wa nidhamu hata siku moja, ili mwalimu aweze kuandika kwamba sehemu fulani ya somo inamshinda na akaletewa mtu wa kumsaidia. Rajisi ya vipindi itolewe mikononi mwa watoto. Na mwenye shule binafsi asipewe leseni bila kuonyesha mikataba ya walimu wake wote, jinsi anavyoonyesha vyoo na hati ya jengo.

Vyama navyo vina deni. KNUT na KUPPET, kile cha walimu wa sekondari, viache kumtetea mwalimu aliyemdhuru mtoto kwa nguvu ileile vinayomtetea aliyeuliza kuhusu pesa. Kila mara katibu wa tawi anapokwenda kumwombea mnajisi ahamishwe badala ya kushtakiwa, anadhoofisha utetezi wa kila mwalimu mwaminifu anayekuja baada yake. Wazazi, mnaofunga malango na kuwafukuza wakuu kwa mawe, mnafanya lilelile mnalolikataa: hukumu bila kusikiliza. Peni na karatasi vinatosha. Andikeni malalamiko, wekeni tarehe, daini jibu kwa maandishi, na mbaki na nakala.

Na kwako mwalimu uliyeketi humu na barua ya kusimamishwa kazi katika mkoba: isome tena ukifika nyumbani, utazame tarehe yake. Usimpigie mheshimiwa. Usimwombe mkuu msamaha wa kosa ambalo hukulitenda, kwa sababu ombi hilo litawekwa katika faili kama kukiri. Jibu kila dai kwa ukweli na kwa heshima, taja mashahidi wako kwa majina, peleka jibu mwenyewe, na utake nakala yako igongwe muhuri. Siku zako ni 21, na zilianza kuhesabiwa siku barua ilipoandikwa.